Maziwa ya Zimamoto

Ghala la pamba liliwaka alfajiri, na kufikia saa ya chai soko zima la Jinja lilinuka moshi. Orpah, Mkenya aliyeuza chai na maziwa kibandani, amejifunga leso ya njano ya kuumiza macho, aliona mtu mweusi kwa masizi akiingia, helmeti kwapani. Wateja wakainamisha macho. Miaka ile ya utawala wa jeshi, yunifomu yoyote ilitosha kutisha.

"Nipe maziwa. Kikombe mbili."

"Afande mzima na ndevu zake, maziwa?"

Hakucheka. Alikunywa, akaenda. Jina lake Mugweri, zimamoto.

Akawa anarudi baada ya kila moto. Orpah alimtania kuhusu buti, kuhusu ndevu zilizoungua upande mmoja. Mugweri alimtazama kwa upole, midomo ameibana. King'ora kikilia, Orpah alibadilisha gauni, jambo ambalo mwenye nyumba inayoungua asingelifurahia.

Kisha zimamoto mwingine akamweleza kwamba wote hunywa maziwa, ati yanaosha moshi kifuani. Kinga yao ni kitambaa kilicholoweshwa maji tu. Orpah akajiona mjinga. Kumbe yeye ni duka la dawa! Akahamia Mbale kwa dada yake, chini ya mlima Wanale, akafungua kibanda kingine.

Siku moja alipiga simu kituo cha zimamoto cha Jinja. "Afande, mimi niko Mbale. Siku hizi unanyonya wapi?"

Kimya. Orpah akakata. Hakujua kwamba Mugweri ameziba simu kwa kiganja, anakohoa. Kicheko ndicho kilichoamsha kikohozi chake, na aliyekohoa kituoni aliachishwa kazi.

Siri ilimtoka kwa kikohozi juu ya ngazi, akizima moto, mbele ya mkubwa wake. Akapelekwa hospitali Mbale. Alipotoka huko, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alikwenda moja kwa moja kwa Orpah. Orpah akamjazia kikombe bila salamu. Mugweri akakisukuma.

"Daktari anasema mapafu imeharibika. Kazi basi. Na maziwa inaenda tumboni tu, haifiki kifuani."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekuja kukaa."

"Viti ni vya wanaokunywa."

Hapo Mugweri akacheka, mara ya kwanza, na kikohozi kikafuata hadi meza ikatikisika. Orpah alisimama nyuma yake, mkono mgongoni, akingoja kiishe. Kilichukua muda.

"Ndivyo unavyocheka?"

"Ndiyo hivyo."

Orpah akavuta kiti.

"Basi kaa, mpenzi. Nitakutania kidogo kidogo."