Majani ku Salon ya Madamu

Nilirudia burashi tu. Burashi! Kama ningeiacha ile jioni mu rangi, kesho ingekuwa kavu kama fimbo, na Madamu angenipigia makelele mpaka yasikike chini ku muto. Njo maana niligeuka katikati ya njia, jua ikizama nyuma ya vilima vya Nyamitaba, nikapanda tena kwa nyumba yake nikinungunika peke yangu.

Nyumba ile, siwadanganye, ilikuwa nzuri. Nguzo nne za mawe mbele, nene, kama za zile kanisa za Ulaya tulizoonaga mu picha za mapadri. Ndani, salon mbili za kupokea wageni, kubwa na ndogo, na mulango mupana katikati. Mapadri walinifundisha kazi ya plasta na rangi, na mimi Ladislas njo nilifanya maua yote ya plafo, kule juu ku dari, mimi njo niliyapaka rangi ya zahabu, shingo ikiniuma mpaka usiku.

Na sikuifanya kwa kupenda uzuri. Bwana wa Madamu alikuwa anazungusha seng'enge ku shamba lake la pareto, na seng'enge ile ilikuwa inaelekea moja kwa moja ku nyumba ya mama yangu. Aliniambia waziwazi: salon ikiwa tayari siku ya Pentekote, wageni wake wa Goma wakifika, seng'enge itapita chini ya shamba ya mama. Isipokuwa tayari, itapita juu, na mama atafute pengine pa kulala. Pale kando ya mama njo nilitaka kujenga yangu, nimuoe Mukasine.

Sasa sikieni.

Hubert, zamu, mulinzi wa ile nyumba, alinifungulia. Nikaingia ku salon kubwa na taa ya mafuta mukononi. Kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu. Majani mabichi...

Nikashusha taa.

Parke yote, ile sakafu ya mbao, ilikuwa imetandikwa ishinge, yale majani laini ambayo mama zetu wanatandika mu nyumba wakingojea wageni wa heshima. Yamelazwa upande moja, safi, toka ku mulango mpaka ku ukuta. Juu ya parke ambayo nilikuwa nimeipaka nta kwa magoti yangu tangu asubuhi!

"Hubert! Nani aliingia hapa?"

"Hakuna muntu, kaka. Ufunguo iko kwangu."

"Na hii njo nini? Mbuzi zako zinalala hapa?"

Akachungulia, akarudi nyuma. "Mimi ninalinda inje," akasema. "Ya ndani haiko yangu."

Nilikusanya yale majani nikitukana, nikayatupa nyuma ya jikoni. Nilijua ni wivu. Kuna mupakaji mwenzangu wa Muheto aliyetaka ile kazi. Nikamulaani yeye na ukoo wake mzima, nikachukua burashi yangu, nikaenda.

Kesho yake nikatundika rido, mapazia ya madirisha. Rido nyekundu, nzito, toka Ulaya. Nilienda kula saa sita, nikarudi: rido ziko chini, zimekunjwa vizuri mu kona. Viti ya Madamu, ile yenye miguu ya kupindapinda, imepangwa nusu duara ikiangalia mulango. Katikati yao kiti moja ya chini, ya muti, ambayo haikuwa ya ile nyumba. Na majani. Tena majani!

Nikatupa kile kiti inje, nikapanga yote upya. Nilikuwa karibu kulia, sifichi.

Lakini ya siku ya tatu njo ilinimaliza. Ukuta wangu mweupe, ule wa kati, wenye maua ya zahabu kila pembe... ulikuwa umekandikwa mavi ya ngombe. Freshi. Toka chini mpaka pale mukono wa mwanamuke mufupi unaweza kufika. Nikasogea na hasira zangu, halafu nikasimama. Haikuwa uchafu. Ilikuwa kazi. Kiganja kilikuwa kimepita kidogo kidogo, kikizunguka vizuri, kila duara kando ya mwenzake, laini, bila kosa. Mimi mwenyewe siwezi kufanya hivyo.

Madamu akaingia nyuma yangu.

"Ladislas! Wewe iko mupumbafu? Wewe iko muchawi?"

"Haiko mimi, Madamu."

"Pentekote iko kesho! Kama kesho ukuta haiko mweupe, wewe na mama yako munahama!"

Niliosha ule ukuta mpaka vidole vikachubuka. Nikapaka rangi mara moja, harufu ikabaki. Nikapaka tena. Jioni ikaingia na ukungu. Nikamuambia Hubert: leo sitoki. Huyu muntu nitamukamata na hii mikono yangu miwili.

Nikakaa juu ya ngazi yangu ya kupakia, ku giza ya salon, taa nimeipunguza. Njaa ilikuwa inanikata. Nikakumbuka maziwa. Kila jioni Mukasine, akitoka kuuza maziwa ya baba yake, alikuwa ananiachia yangu ku ngazi za jikoni, mu cyansi, kile chombo cha muti cha maziwa, chenye kifuniko cha kusukwa. Hakuwa anaingia, alimuogopa mbwa ya Madamu. Nikaenda kuangalia. Kweli, cyansi iko pale.

Nikarudi nayo ku salon, nikakaa chini, nikanywa yote, nisipumue. Ilikuwa na ladha ya moshi, kama vyombo vya wazee. Nikafuta mudomo.

Chini ya magoti yangu, kitu laini.

Majani.

Nilikuwa nimekaa juu ya majani, na wakati nilipotoka parke ilikuwa tupu. Halafu nikasikia... shaa... shaa... shaa... Kiganja kinapita ku ukuta.

Mama mumoja mufupi alikuwa amesimama pale, amenipa mugongo. Amefungia nguo begani kama wamama wa zamani. Mukono wake ulikuwa unakwenda, unarudi, ku rangi yangu mbichi.

Hasira yote ile, bwana, sijui ilienda wapi.

"Mumekawia," akasema. Sauti ndogo sana. Hakugeuka.

"Nani... wewe nani?"

"Umekunywa yote?"

Ulimi wangu ulijibu kabla yangu. "Nimekunywa, mama."

"Vizuri." Mukono wake ukasimama. "Muambie Munyakazi: sisi tulitandika. Tulitandika kila siku."

Munyakazi ni jina la baba yangu. Baba yangu tulimuzika nikiwa mutoto.

Halafu akapiga kigelegele. Chini chini, peke yake, kama muntu anayeogopa kuamusha nyumba. Na ku salon ndogo, nyuma ya ule mulango mupana, kuna muntu alicheka. Binti. Kicheko cha haya, cha kuziba mudomo na mukono.

Taa ikazima.

Sikumbuki kama nilikimbia. Nilijikuta inje, chini ya nguzo, na ile cyansi tupu mukononi, Hubert akiniuliza nimeona nini. Nililala kwake, macho wazi.

Asubuhi nikaingia nikijua tumekwisha, mimi na mama. Na nini? Ukuta mweupe! Parke inaangaa. Viti mahali yake. Rido zimetundikwa, mikunjo yake sawasawa kuliko nilivyozitundika mimi. Hata jani moja hakuna. Madamu alizunguka salon mbili, akanipiga begani, akaniita artisti. Wageni wa Goma wakakuya na magari yao, wakakunywa mvinyo, wakacheza mpaka usiku chini ya maua yangu. Na ile juma, seng'enge ilipita chini ya shamba ya mama. Bwana alishika neno lake.

Mungefurahi, sivyo? Na miye nilifurahi. Nikaenda kumurudishia Mukasine cyansi yake.

Akaiangalia, akaigeuza. "Hii haiko ya kwetu."

"Si uliniachia maziwa mbele ya Pentekote?"

"Ile siku sikukuya, Ladislas. Ngombe ilikuwa inazaa." Akatia kidole chini ya chombo. Kidole kikatokea ndani. "Na hii, muchwa ilishaikula zamani. Inaweza kushika maziwa namna gani?"

Nikaipeleka kwa mama yangu, Nyiramana. Alikuwa anachambua maharagwe. Alipoiona alisimama, maharagwe yote ikamwangika.

"Umetoa wapi hii?"

Nikamueleza. Akasema, pole pole, kwamba pale ku nyumba ya Madamu palikuwaka lupango, boma ya mama mumoja, Nyirabahire. Kabla ya kunioa mimi, mama akasema, baba yako alikuwa amechumbia binti yake, Kamaliza. Siku ya kwenda kupokelewa kwa binti, wazee wa baba yako walikuwa tayari njiani. Wakasikia askari wako ku kilima, wanafukuza watu sababu ya plantasyo, ile shamba kubwa ya pareto. Wakageuka.

"Na hawakutuma neno?"

"Waliogopa. Hata kesho yake. Hata mwaka ule wote." Akafunika ile cyansi na kitambaa. "Nyirabahire alikatala kutoka. Alisema wageni wake wako njiani. Alifia pale pale."

"Na binti?"

"Hakuna aliyejua."

"Mama, na maziwa? Maziwa ina maana gani?"

Akainama kuokota maharagwe. "Kwa watu wa kile kilima," akasema, "mukwe akinywa maziwa ya mama wa binti, akiwa amekaa juu ya majani, maneno ya ndoa imeisha. Hakuna tena wa kuuliza." Nilimuomba aeleze zaidi, nikamugombeza mama yangu mwenyewe, yeye akaendelea kuokota maharagwe.

Tulizika ile cyansi nyuma ya ndizi. Padri akamwanga maji ya baraka. Siku zikapita, hakuna kitu. Nikachimba musingi wa nyumba yangu. Nikajiambia: wafu ni wafu.

Halafu jioni moja natoka kulima, namukuta Mukasine amesimama ku seng'enge. Mukononi ana kile kitenge nilichomupa cha uchumba, amekikunja vizuri. Hakutaka kusogea.

"Kamata kitu yako," akasema.

"Mukasine, kuna nini? Twende ndani, tuongee."

"Mama yako iko Muheto tangu jana. Aliniaga." Machozi yalikuwa yanamushuka, na bado alisema kwa heshima, kama anasema na muntu wa wengine. "Jana nilikuletea maziwa. Nikabisha hodi hapa kwa mama yako. Muke wako akanifungulia."

"Muke gani? Mimi sina muke!"

"Alinipokea vizuri, Ladislas. Mu nyumba wametandika majani, inanukia. Akanikalisha. Nikamupa maziwa yako, akanirudishia." Akaangalia nyuma yangu, ku mulango wa mama, ambao nilikuwa nimeufunga asubuhi na ambao sasa ulikuwa wazi. "Akacheka, akaziba mudomo na mukono. Akaniambia: 'Aksanti, dada. Yeye alishakunywa.'"