Spika na Mnada wa Vitabu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Spika alimsaidia mama yake kutundika nguo za mtumba kibandani. Mama alikuwa na desturi yake. Hatundiki nguo mpaka aigeuze ndani nje, akague mishono, vifungo na makwapa. Spika, aliyebandikwa jina hilo na darasa zima kwa sababu ya sauti yake kubwa, aliona ni kupoteza muda tu.

"Mama, blauzi inang'aa hivi! Tundika tu."

"Nje inang'aa. Ndani je?" Mama aliigeuza. "Anayesifia ni mimi, mwanangu, lakini atakayeivaa ni mwingine. Haya, kimbia. Leo si Ijumaa?"

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mnada wa vitabu! Katika darasa lao, kila aliyemaliza riwaya alisimama mbele na kuinadi kama mchuuzi sokoni. Hakuna aliyelipa hata senti. Malipo yalikuwa mikono. Aliyeinuliwa mikono mingi zaidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchagua kitabu kwenye sanduku la vitabu vipya. Na sanduku lilikuwa limefika! Spika aliliona chini ya meza ya mwalimu, bado limefungwa.

Tatizo lilikuwa moja. Kitabu chake kilikuwa riwaya nene ya familia iliyotawanywa na vita vya zamani, naye alikuwa amesoma sura za mwanzo tu. Kuruka kamba kulikuwa kumekula jioni zake zote.

"Njooni, njooni!" alianza, akipiga meza. "Vita vinaingia, kaka mkubwa anachukuliwa! Dada mdogo anabaki mlangoni akimsubiri. Jamani, asiye na leso aazime! Nililia mpaka mto ukalowa!"

Darasa likacheka na kupiga makofi. Kidoti, rafiki yake wa dawati moja, akainua mkono polepole. Kaka yake Kidoti alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na tangu hapo nyumbani kwao hawakusikia lolote.

"Huyo kaka," aliuliza, "anarudi?"

Spika hakujua. Alilitupia jicho sanduku. "Anarudi! Mwishoni wote wanakaa meza moja."

Mikono ikapanda mpaka madawati ya nyuma. Spika alichagua kitabu kipya kwa mbwembwe, na Kidoti akaenda nyumbani amekikumbatia kile kilichonadiwa.

Jumatatu Kidoti alikiweka dawatini bila salamu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kaka anakufa," alisema. "Nimefika katikati tu, amekufa. Wewe hukukisoma." Kisha akachukua mkoba wake, akahamia dawati jingine.

Spika alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni alimweleza mama yote bila kuficha.

"Umetundika usichokigeuza," Mama alisema. "Sasa mwenzako amekivaa, kimemchanikia. Utafanyaje?"

"Nitamwomba radhi."

"Kwa kitabu ambacho mpaka sasa hujakisoma?"

Spika akaketi juu ya robota la nguo, akakifungua. Alikusudia kurasa chache tu. Lo! Kitabu kikamnasa. Siku zilizofuata alisoma akila, akasoma akitembea, mpaka akamkanyaga jirani. Kaka alipokufa, Spika alilia kwikwi na kujifuta kwa mkono wa koti la kuuzwa. Mama akajifanya haoni. Kisha, jioni moja, Spika akaruka juu.

"Mama! Amekuja!"

"Nani?"

"Binti wa yule kaka! Hawakujua kama ana mtoto! Anagonga mlango uleule, na shangazi yake anamtambua kwa kicheko cha baba yake! Anamkalisha kwenye kiti cha kaka!"

Mama aliacha vifungo vyake. "Ehe? Kisha?"

Ijumaa ilipofika, Spika alisimama mbele. Mkononi alikuwa na kile kitabu kipya, akamrudishia mwalimu.

"Nilipata hiki kwa uongo," alisema. "Sikuwa nimesoma nilichokinadi. Kidoti, nisamehe. Kaka harudi. Lakini uliishia alipokufa, sivyo? Usiishie hapo! Kuna mtu anakuja kugonga mlango. Simtaji ni nani. Nilipofika hapo nililia huku nacheka."

Kidoti akainua mkono.

"Nikikisoma tena, utakaa nami kwenye ile sura ya kifo?"

"Nitakaa."

Mwalimu aliinuka. "Wanangu, kumpendekezea mwenzako kitabu ni kumshika mkono na kumwongoza njiani. Humwongozi mtu njia usiyoipita. Ulichokisoma kisifu kwa sauti yako yote. Usichokisoma, sema hujakisoma. Hapo ndipo watu watakapokuamini."

Kidoti alikuwa ameshabeba mkoba wake. Alirudi kwenye dawati lao la zamani.

"Sogea," alisema. "Kitabu chenyewe kiko wapi?"

Spika akajikuna kichwa. "Kwanza twende tukampokonye mama. Naye sasa hataki kukiweka chini."