Kocha wa Misimu Miwili

Baridi ya Mollo haina adabu. Huingia nyumbani bila kupiga hodi, na mwezi wa nne huja na ukungu usiokuonyesha hata mlango wa jirani. Happyness alikuwa ameizoea. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, aliwasha moto, akabandika maji ya baba yake ya kunawa, kisha akashika njia ya kisimani pamoja na rafiki yake Coleta. Wakiwa njiani walisikia filimbi ikilia uwanjani, na miguu ya vijana ikikanyaga nyasi zenye umande.

"Baba yako hao vijana atawaua kwa mbio," Coleta alipenda kusema.

"Na wewe ungekimbia hivyo, ungefika shule mapema," Happyness alimjibu, na wote wakacheka.

Baba huyo ni kocha Ndimyake. Alitoka Tukuyu miaka mingi nyuma akimwacha mama yake huko, akawa mtunza ghala la ushirika mjini Sumbawanga. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua mahindi, walikuja na malori yao mpaka vijijini, na ghala likakosa kazi. Siku lilipofungwa, Ndimyake alitoka na filimbi yake na ujuzi wa mpira, basi. Watu wa Mollo ndio waliomwita. Walimpa nyumba, wakampa na shamba.

Mapatano yalifanyika mbele ya kijiji kizima. Kocha angeifundisha timu ya Mollo kwa misimu miwili. Kijiji nacho kingemlimia shamba lake kwa desturi ya Ufipa, ambayo nayo inataka misimu miwili: mwaka wa kwanza nyasi hufukiwa ndani ya matuta ya mviringo na kupandwa maharage juu yake. Mwaka wa pili matuta yaliyooza vizuri hutawanywa, na ulezi hupandwa. Hakuna aliyetia saini popote. Kocha alishikana mikono na mwenyekiti wa timu, Mzee Polikarp, babu yake Coleta, na watu wakapiga makofi.

Msimu wa kwanza haukuwa umefika hata nusu.

Jumatano moja, mama yake Happyness akiwa Namanyere alikokwenda tangu jana yake kuuza mitumba, baba hakwenda uwanjani. Alivaa shati lake la kutokea akamwita binti yake.

"Happy, mimi nakwenda mjini. Bwana Stephano, yule mwenye mabasi, amenipa timu yake. Jumamosi tuna mechi ya kombe."

"Jumamosi si tunacheza sisi, baba? Mollo na timu ya Bwana Stephano?"

Baba akainama, akawa anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. "Ndiyo hiyo hiyo."

"Sasa watu wa Mollo utawaambia nini?"

"Wakiuliza, sema nimefiwa. Sema bibi yako wa Tukuyu amefariki. Mengine nitayamaliza mwenyewe baada ya mechi."

"Lakini bibi ni mzima!"

"Ni neno tu, mwanangu. Neno halimuui mtu."

Happyness alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtoto wa miaka hiyo baba akisema, hubaki kutazama chini. Alitazama chini.

Shuleni, hata kengele haijalia, Coleta akamfuata. "Mbona kocha hakutokea mazoezini? Babu anauliza."

Happyness akajibu haraka. "Amefiwa. Bibi yetu wa Tukuyu."

Coleta akamkumbatia palepale, machozi yakimlengalenga. "Jamani, Happy! Pole sana." Laiti angecheka, au angebisha! Lakini aliamini.

Habari ya msiba haihitaji baiskeli. Alasiri aliporudi nyumbani, alikuta majirani wamefagia ua na kusugua masufuria. Wa kwanza kuja kutoa pole alikuwa Minza, mama wa Kisukuma ambaye mwanawe Limbu alikuwa nahodha wa timu. Alitua unga wa ulezi aliokuwa amejitwika, akavua ndala, akaketi chini.

"Pole, ng'wana wane. Pole, mwanangu," alisema, na machozi yake yakamtoka kwelikweli, kwa ajili ya mwanamke wa Tukuyu ambaye hakupata kumwona.

Wanawake wengine wakaja, huyu na maharage, yule na mzigo wa kuni. Happyness naye akalia. Wakambembeleza, wakidhani analilia bibi yake. Kila aliyembembeleza alimwongezea kilio.

Kisha Limbu akafika na wenzake, matope yamewajaa hadi magotini. "Tumetoka shambani kwa kocha," alimwambia Mzee Polikarp, aliyekuwa ameketi na wazee wenzake. "Matuta yaliyobaki tumeyamaliza leo. Mfiwa hashiki jembe."

"Mmefanya la maana," mzee akajibu.

Hapo ndipo mama yake Happyness alipotokea njiani, furushi la mitumba kichwani. Aliona wanawake wameketi chini kwake. Aliona kuni. Furushi likaanguka.

"Nani? Jamani, nani? Ni Ndimyake? Niambieni!" Alikuja mbio akipiga kelele, mikono kichwani, akimtafuta mumewe kwa macho katika kila sura. Wanawake wakatazamana. Minza akainuka kumshika.

"Hakuna aliyekufa, mama!" Happyness alipaza sauti. "Bibi ni mzima. Baba yuko mjini, anafundisha timu ya Bwana Stephano. Aliniambia niseme hivyo, nami nikasema."

Hakuna aliyemgombeza. Wangemgombeza ingekuwa afadhali. Minza alijifuta machozi kwa pindo la kanga, pole pole, jicho hili na jicho lile. "Basi tushukuru kwamba bibi ni mzima," alisema. Akavaa ndala zake, akaondoka bila kuaga, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

"Chukueni unga wenu, jamani! Chukueni kuni," mama akawasihi.

Mzee Polikarp akatikisa kichwa. "Kilicholetwa msibani hakirudi kilikotoka, mama Happy. Ukiturudishia, ni kama unatuambia tubebe msiba tuupeleke majumbani kwetu. Viache hapohapo."

Vikabaki. Mama hakuvigusa, na Happyness alikuwa akizunguka mbali ili asiuone ule mzigo wa kuni.

Kesho yake mama na binti walimfuata baba mjini. Walimkuta uwanjani amevaa suti mpya ya michezo. Alipoambiwa yaliyotokea, sura ilimshuka, lakini mdomo haukukubali kushindwa.

"Mimi nina watoto wa kulisha," alisema. "Na mpira ndivyo ulivyo. Mchezaji akivunjika mguu, timu inamtupa. Kocha akifungwa mechi tatu, anaonyeshwa mlango. Wao hawaheshimu mapatano, kwa nini sisi tuheshimu?"

"Waliokutupa wewe ni Mollo?" mama akauliza.

Baba akageuka kukusanya mipira.

"Nakuuliza, baba Happy. Ni Mollo?"

"Nimeshatia saini kwa Bwana Stephano," hatimaye alisema. "Jumamosi lazima nikae kwenye benchi lake."

Jumamosi Mollo walikuja mjini wakiwa wamesimama ndani ya lori la mahindi, bila kocha. Walicheza kwa hasira na kwa moyo. Kipindi cha kwanza Limbu aliwatesa mabeki, na watu wa Mollo wakaanza kuimba. Happyness alikuwa pembeni ya uwanja na Coleta, ambaye hakumsemesha. Macho ya Happyness hayakuwa kwenye mpira, yalikuwa kwa baba yake.

Wakati wa mapumziko ndipo alipomwona baba anawaita mabeki wake karibu. Alilipiga goti lake la kushoto kwa kiganja, mara mbili, akaonyesha upande huo.

Limbu aliwahi kuangukiwa na mkokoteni wa ng'ombe, na goti lake la kushoto halikupona sawasawa. Happyness alilijua hilo kwa sababu siku ile Limbu alipokuja kumwonyesha kocha, yeye ndiye aliyepasha maji ya kulikanda. Tangu hapo kila Limbu alipopokea mpira, mabeki walimsukuma upande wa kushoto, akageukia goti bovu, akaanguka. Akaamka, akaanguka tena. Mollo wakafungwa matatu, wakatolewa kwenye kombe.

Watu wa mjini walikuwa bado wanashangilia Limbu alipokuja mbele ya benchi akichechemea.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, Limbu. Umecheza vizuri."

"Hili goti nilikuonyesha wewe peke yako," Limbu alisema. "Hata mama yangu hajui."

Hakusubiri jibu. Wiki iliyofuata alifunga nguo zake akateremka Kabwe, kuvuta nyavu ziwani. Aliwaambia wenzake kwamba mpira ameuacha. Na yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora kuliko wote waliopata kuonekana Mollo. Inauma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi ileile jioni baba alirudi nyumbani. Mama alimpikia ugali wa ulezi, akamwekea maharage. Baba alimega tonge la kwanza.

"Ulezi huu mzuri. Umeupata wapi?"

"Ni unga wa msiba wa mama yako," mama akajibu. "Aliuleta Minza, mama yake Limbu. Alikuja kumlilia mama yako hapa, amekaa chini. Na mwanawe alikuwa shambani kwako na jembe. Kula, baba Happy. Hawataki tuwarudishie."

Baba aliisukuma sahani. Akanawa mikono. Happyness hakuwahi kumwona baba yake akilia, na hakupenda kumwona.

Asubuhi baba alimchukua binti yake, wakaenda kwa Mzee Polikarp. "Twende wote," alimwambia. "Nilikupa uongo ubebe peke yako. Ukweli tutaubeba wawili."

Mzee aliwapa vigoda. Happyness akaanza yeye: "Shikamoo, babu. Nilidanganya. Nisamehe." Kisha baba akasema ya kwake yote, hata lile la goti.

"Ndimyake," mzee akasema, "ungekuja hapa ukasema, 'Mzee, watoto wangu wana njaa, mjini nimepata kazi, nifungueni,' tungekaa kikao. Pengine tungekufungua, tukakusindikiza kwa ngoma. Kuondoka si kosa. Ulituondokea ukiwa umeshika mikono yetu, ndipo ulipokosa. Wewe ulidhani umeacha kazi tu. Vijana wale walikupa magoti yao, walikupa na siri zao, kwa sababu ulisema misimu miwili. Anayefukia nyasi halafu asirudi kutawanya matuta, amekula maharage ya watu, ulezi amewanyima."

"Nitaacha ya mjini leo hii," baba akasema. "Nitarudi."

"Uyavunje na yale ya Bwana Stephano? Hapana. Nenda kamwombe kwa kinywa chako. Akikwambia maliza, maliza. Hatutaki kocha aliyetoroka kwa mwingine."

Bwana Stephano alinung'unika, lakini mwisho alikubali: kocha amalizie kombe, kisha awe huru. Baba akamalizia. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alirudi Mollo na filimbi yake kuutimiza msimu wa pili, ingawa mwaka huo Mollo hawakuwa na kombe la kugombea. Kijiji nacho kilishika neno lake: watu walikuja kuyatawanya matuta na kupanda ulezi. Walikuja wachache, na hawakuimba.

Jioni moja Happyness alikuwa anachambua maharage nje na mama yake. Minza akapita, amemshika mkono mwanawe mdogo Masanja, kijana wa miaka kumi na mitatu.

"Shikamoo, mama," Happyness alimsalimu.

"Marahaba. Kocha yupo?"

"Yupo uwanjani, mama, na vijana wake."

Minza alimtazama Happyness kwa muda mrefu. "Masanja, nisubiri hapa," alisema. Akaenda peke yake mpaka mwisho wa nyumba, akasimama kwa vidole, akachungulia uwanjani. Aliangalia mpaka alipomwona kocha kwa macho yake mwenyewe. Ndipo akarudi, akamshika mwanawe mkono, wakaenda uwanjani.

Maharage yalimtoka Happyness mikononi. "Mama, nilimwambia kweli! Leo nilimwambia kweli kabisa."

"Najua," mama akasema. "Na yeye alishalia mara moja kwa neno lako, usimlaumu. Sikiliza, mwanangu. Ukimwahidi mtu, yeye hupanga maisha yake juu ya ahadi hiyo. Awe kocha, awe mchezaji, awe mtoto wa shule, ni mamoja. Ahadi ikikushinda, rudi kwa uliyemwahidi umwambie usoni, kabla hujaondoka. Ukiondoka kwa uongo, hata siku ukirudi, watu watakuja kuchungulia kwanza kama upo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wachoke kukukuta mkweli. Wewe endelea tu kusema kweli."

Happyness akajifuta uso, akaanza kuokota maharage. Uwanjani filimbi ililia, na sauti ya baba yake ikasikika ikimwita Masanja kwa jina.