Kiti cha Latifah na Bledi ya Meno Sitini

Iwe likizo au siku za shule, kila jioni Hidayah aliingia katika karakana ya baba yake pale Bwera, akachukua mswaki mkuukuu na kikopo cha mafuta ya taa, akaanza kusugua meno yasiyo yake. Yalikuwa meno ya bledi, ile sahani ya chuma inayozunguka katika msumeno wa meza. Watoto wengi wa miaka kumi na miwili hukimbizwa na mama zao ili wasugue meno yao wenyewe tu. Hidayah alisugua sitini bila kushikiwa fimbo.

Baba yake, fundi Badiru, alikuwa na bledi mbili, na alipenda kuzieleza kama mtu anayewasifu wake zake mbele ya wageni.

"Hii ya meno ishirini na manne ni ya mbao nene," alisema. "Inakula haraka, kama mgeni aliyelala njaa. Hii ya meno sitini ni ya plaiwudi. Inatafuna kidogo kidogo, kama bibi harusi mbele ya wakwe. Ndiyo maana haiachi vibanzi. Lakini gundi ya plaiwudi ikigandia menoni, bledi hupata joto na kuunguza ubao. Na ikikutana na msumari, meno yanang'oka. Kwa hiyo ya sitini haitoki humu ndani. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Likizo ile bledi ya sitini ilikuwa inangojewa na kazi kubwa. Latifah, mdogo wake Hidayah, alikuwa na miaka saba na hakuwa ameingia darasani hata siku moja. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa, wala haikusikia maumivu vizuri. Mwaka uliopita kibanzi cha benchi kilimwingia pajani, na hakuna aliyejua hadi jeraha lilipovimba. Mwalimu Naome wa darasa la kwanza alikuwa amesema, "Mleteni Jumatatu muhula ukifunguliwa. Lakini aje na kiti kinachomshika vizuri, chenye meza yake mbele, na kisicho na kibanzi hata kimoja." Badiru aliagiza shiti ya plaiwudi kutoka mjini Kasese. Pesa zilitosha moja tu. Ikiharibika, muhula ungeanza bila Latifah.

Alhamisi baba alikwenda Kasese kuichukua. Huku nyuma akatokea Ziyad, kaka ya mama. Ziyad alisafirisha matunda kwa lori, na alikuwa amevuka mpaka wa nchi mara nyingi hata Kiswahili chake kilirudi kimepigwa mhuri.

"Mutoto ya dada yangu! Baba iko?"

"Karibu, mjomba. Ameenda Kasese."

"Basi niazime ile bledi ya meno mingi. Rafiki yangu iko na msumeno, tunatengeneza makreti ya mananasi. Saa moja tu, narudisha."

"Baba alisema isitoke, mjomba."

"Alisema kwa watu wengine. Mimi ni mutu mwingine? Mimi ni mama yako mwenye ndevu!"

Sasa, katika nyumba ile mjomba hakunyimwa kitu. Akija, aliwekewa kiti kizuri. Akiomba maji, watoto waligombania kikombe. Hakuna aliyewahi kumfundisha Hidayah jinsi ya kumwambia mjomba "hapana". Akaitungua bledi, akampa.

Ziyad alirudi jua likizama, na bledi imeviringishwa katika gazeti. Juu yake kulikuwa na kabalagala mbili, ile mikate mitamu ya ndizi.

"Ilikutana na misumari kidogo ya mbao za zamani," alinong'ona. "Kidogo tu. Tusiwasumbue wakubwa." Alisema hivyo, mtu mzima na ndevu zake zote.

Alipoondoka, Hidayah alifungua gazeti. Meno matatu hayakuwepo. Aliifunga bledi katika kitambaa chake, akaitundika mahali pake. Kabalagala moja alimpa Latifah. Yake mwenyewe aliiviringisha tena katika gazeti, hakuila.

Jumamosi Badiru alimkalisha Latifah juu ya meza ya kazi ili ampime. Tepu ilimtekenya, akacheka hadi kwikwi ikamshika.

"Baba, meza iwe pana. Nitaweka daftari na viwiko vyote viwili."

"Viwiko vya mheshimiwa vitapata nafasi," baba alimjibu, akambeba na kumrudisha mkekani, mbali na msumeno.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na uliporudi Badiru alifanya haraka kabla haujabadili nia. Alibandika selotepu juu ya mstari wa kukata, ili uso wa plaiwudi usichanike. Kisha akafungua kitambaa.

"Hidayah, umeisafisha?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mimi sina haja ya kuikagua."

Akaifunga bledi kwenye msumeno bila kuitazama. Maneno yale yalimchoma Hidayah kuliko ambavyo fimbo ingemchoma. Aliona mkono wa baba ukienda kwenye swichi.

"Baba, usiwashe!"

Badiru alirudisha mkono, akachomoa waya ukutani, kisha akaizungusha bledi polepole kwa kidole. Aliliona pengo la kwanza, la pili, la tatu.

"Nani?"

"Mimi. Nilimpa mtu."

"Mtu gani?"

Hidayah akaanza kukikunja kitambaa. Mkekani Latifah akasema, "Mtu huyo alileta kabalagala. Lakini mimi sisemi kama ni mjomba Ziyad."

Badiru alitaka kukasirika, midomo ikamsaliti kwa tabasamu. Akaketi chini penye unga wa mbao, kando ya binti yake.

"Jino jingine lililolegea lingeweza kuruka hapa," alisema, akagusa kope yake. "Na vibanzi je, vingemwingia nani?"

Hidayah alitazama miguu ya Latifah, akaanza kulia. Baba alimfuta machozi kwa aproni yake, nayo ikampaka unga wa mbao machoni, akalia zaidi.

"Kwa nini hukuniambia Alhamisi?"

"Ni mjomba, baba. Nitamsemaje mjomba?"

Mastula, mama yao, ndiye aliyempigia simu kaka yake. Ziyad aliingia na mizaha yake. Alipoiona plaiwudi imechorwa umbo la kiti kidogo, mizaha ikamwisha.

"Sikujua iko ya kiti ya mutoto. Nilifikiri ni kabati ya tajiri."

"Hata ingekuwa kabati ya nyani!" Mastula alimjia juu. "Mtoto alikwambia isitoke!"

Ziyad alichuchumaa mbele ya Hidayah. "Mimi mukubwa nilikufundisha kuficha. Unisamehe, mama."

Mchana uleule akaenda Kasese, bledi imefungwa taulo na kupakatwa kama mtoto mchanga, hadi kwa fundi Tumwesigye anayechomelea meno mapya na kuyanoa yote kwa urefu mmoja. Jumapili asubuhi akarudi nayo.

Badiru hakuipokea. "Mpe mkaguzi."

Hidayah aliigeuza bledi juani, jino baada ya jino. "Yote yapo, baba. Hakuna lililolegea."

Kisha akasimama nyuma kabisa, kwani watoto hawakuruhusiwa kusogelea msumeno unaozunguka. Baba alilaza shiti uso mzuri ukiwa juu, akainua bledi hadi meno yakachungulia kidogo tu juu ya ubao. Bledi ikaimba. Msumeno ulipozimwa, Hidayah alipitisha mtandio wake wa pamba kwenye kila ukingo. Ulinasa kibanzi kimoja tu, kwenye kona. Wakaisugua kona kwa msasa hadi mtandio ukateleza, na kufikia usiku kiti na meza yake vilikuwa tayari.

Jumatatu Ziyad alikibeba kiti kichwani, ndevu chini, miguu ya kiti juu, akapita nacho katikati ya soko.

"Ziyad, leo lori ni wewe?" wanawake walimpigia kelele.

"Mizigo mingine haipandi lori, mama zangu!"

Nyuma yake Badiru alimbeba Latifah mgongoni, na Hidayah akatembea kando yao.

"Mwanangu," baba alimwambia, "mkubwa aheshimiwe, na mjomba zaidi. Lakini heshima si kufunga mdomo. Akikuomba kitu usichoruhusiwa kutoa, mwambie kwa adabu, 'Ngoja baba arudi.' Na jambo likiharibika, liseme siku hiyohiyo. Bledi iliyong'oka meno ina fundi wake. Siri haina fundi, inaoza tu. Jumamosi ulisema kwa kuchelewa, lakini ulisema, na ndiyo sababu leo tuko njiani."

"Amina!" alijibu Ziyad kutoka chini ya kiti.

Darasani walimkalisha Latifah, wakamsogezea meza yake. Mwalimu Naome alipoingia, watoto wote wakasimama kumwamkia. Latifah aliwatazama kulia, akawatazama kushoto. Kisha akakita viwiko vyake viwili mezani, akajivuta juu mgongo ukanyooka, akamwamkia mwalimu kwa sauti iliyowapita wote waliosimama.