Uwanja Tulioulima

Jumanne ile nilimkuta shangazi yangu, dada yake baba, akikata majani ya uwanja kama alivyofanya kila Jumanne kwa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimempelekea maziwa. Alizima mashine, akajifuta jasho kwa upindo wa gauni, akaniambia nisikilize.

"Nisikilize nini, shangazi?"

"We tulia tu."

Nikatulia. Nilisikia ng'ombe wa jirani, basi.

Uwanja huo wa ndege aliuanzisha mumewe, ambaye hata mama mkwe wake alimwita Rubani. Alisawazisha shamba lao la malisho, akaotesha nyasi fupi, akajenga banda la mabati. Alikuwa na wazimu wa ndege kuukuu, zile za bawa juu na bawa chini, mifupa ya mbao na ngozi ya kitambaa. Ya kwanza ilimzidi umri kwa miaka ishirini. Alisema ndiyo maana anaiamkia kila asubuhi. Yeye alihangaika na injini, shangazi akashona mabawa. Alikifunga kitambaa kwenye mbavu za mbao kwa sindano iliyopinda, kisha akakipaka dawa hadi kikakaza na kulia kama ngoma. Wenye ndege kuukuu wa mbali wakasikia, wakazileta zao. Mwaka wa sita banda lilikuwa na ndege saba, na Jumapili watu walikuja na watoto wao kutazama.

Shangazi na Rubani walijaliwa binti mmoja tu. Tulimwita Kiroboto kwa sababu hakujua kukaa. Alipokuwa na miaka tisa, Jumapili moja ya anga safi, alipanda na baba yake. Wangezunguka mlima na kurudi saa kumi alasiri.

Hawakurudi. Walitafutwa miezi miwili, haukuonekana hata msumari. Wenye ndege wakaja kuchukua zao mmoja mmoja, macho chini, kama wageni wanaoaga msiba usio na maiti.

Shangazi alikataa matanga. Alibaki akikata majani.

"Wakija watatua wapi?" alituuliza.

Sasa Jumanne ile alinisogelea, akaninong'oneza. "Ilianza wiki jana. Saa kumi kila siku. Kwanza nyuma ya mlima. Juzi, mtoni. Jana juu ya mikaratusi hii hapa. Injini ile naijua, lazima ikohoe kabla ya kushuka. Wanakaribia, mwanangu."

Alikuwa anatabasamu. Jua lilikuwa la utosi.

"Usimwambie baba yako."

Nilimwambia jioni ileile. Baba hakula. Alikaa akizungusha kijiko mezani, kisha akasema, "Dada yangu atakufa akikata majani. Tukiulima uwanja ule, atalia, halafu atapona." Yeye mwenyewe alikuwa analia. Walimwengu wamesema mengi, eti aliitaka ardhi. Waongo. Alimpenda dada yake.

Alhamisi alimpeleka mjini kupimwa macho. Trekta niliiendesha mimi. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimeupindua uwanja wote, kuanzia bandani hadi kwenye mikaratusi.

Walirudi dakika chache kabla ya saa kumi. Shangazi alishuka garini, akasimama. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

"Saa ngapi sasa?"

"Dada, tumefanya hivi ili—"

"Nimeuliza saa ngapi."

Baba akamwambia. Shangazi akavua viatu, akaingia kwenye udongo uliopinduliwa, akapiga magoti. Akaanza kuusawazisha kwa viganja. Bonge kwa bonge. Haraka. Baba alimfuata kumwinua, lakini hakumfikia.

Kwa sababu tuliisikia.

Ilitokea upande wa mlima. Injini. Nzito, ya zamani. Jua lilikuwa linawaka. Anga tupu, halina hata wingu. Sauti ikapita juu ya mto. Ikapita juu ya mikaratusi, na majani yake yakalala.

Kisha kivuli. Mabawa mawili. Kilikimbia juu ya udongo, kikampita shangazi, kikanipita mimi. Niliangalia juu.

Hapakuwa na kitu.

Ikazunguka. Ikarudi. Ikakohoa, ikashuka, ikapanda tena. Shangazi alikuwa anapunga kilemba chake, anaelekeza mbali. "Nendeni," alisema. "Baba Kiroboto, hapafai. Tafuta pengine."

Nilimwona baba akipiga magoti. Mzee yule asiyeamini hata ndoto alikuwa anasawazisha udongo kwa mikono miwili.

Mara ya tatu. Ya nne. Ya tano, ikipita chini kabisa, nikasikia sauti ya mtoto. Haikutoka juu. Ilikuwa sikioni mwangu.

"Mama, uwanja uko wapi?"

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Ukabaki mluzi wa upepo kwenye nyaya za mabawa, unashuka, unashuka.

Hapakuwa na kishindo. Katikati ya uwanja vumbi kidogo liliruka, kama mtu ametua gunia. Basi.

Shangazi alitembea hadi pale, akaketi. Tulimwacha hadi giza lilipoingia. Nilipomwendea kumwomba radhi alinishika mkono, akasema, "Hukujua, mwanangu." Ni afadhali angenipiga.

Baba hakudumu. Mwaka uliofuata tulimzika, na mpaka mwisho alikuwa akiamka alasiri kitandani na kusawazisha shuka kwa viganja.

Shangazi bado yuko, na haulizi saa tena. Uwanja umeota majani, ila pale katikati. Hapaoti kitu. Bwana shamba alipachimba hadi kiunoni, akakuta udongo wa kawaida, wa baridi. Akafukia. Asubuhi pakawa vilevile. Siku za baridi shangazi hupafunika blanketi, na hakuna anayemcheka.

Juzi nilikwenda peke yangu, asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Pale palikuwa pakavu. Umbo lake ni la mtoto aliyelala kiubavu, magoti ameyakunja. Niliweka kiganja upande wa kichwa. Palikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.