Aliyekaa Kwenye Kiti cha Fundi

Fundi alirudi saa tisa alasiri, akavua viatu mlangoni ili mtoto asimsikie, akanyata mpaka chumba chake cha kushonea, akafunua pazia na kukuta gurudumu la cherehani linazunguka. Lilizunguka polepole, kama linavyofanya mtu akishaondoa mguu kwenye pedali, kisha likasimama. Kitini alikuwepo roboti wa mtoto peke yake, vimiguu vyake vinaning'inia, havijafika hata karibu na pedali.

"Panya," fundi alijisemea.

Panya wa wapi azungushe cherehani ya chuma? Lakini mtu mwenye jambo la kuficha haulizi maswali mengi, na huyu mama alikuwa nalo. Ngoja nilieleze tangu mwanzo, nisije nikaonekana namsema mtu bure.

Roboti aliletwa na mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye nyumbani huonekana mara moja kila baada ya miezi miwili. Alimleta kwa ajili ya binti yao wa miaka sita, ambaye sote mtaani tulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Alikuwa roboti mweupe, kimo chake kinamfika mtoto kiunoni, macho taa za buluu, mikono inafunga na kufungua. Sina chuki naye, na mazuri yake nitayasema. Aliimba. Alihesabu mpaka mia bila kupiga miayo, na Chiriku, aliyekuwa akitoka kumi na tatu anarukia kumi na sita, akanyooka kwa wiki moja tu. Alisimulia hadithi ile ile mara ishirini na hakusema hata siku moja, "Nimechoka, nenda kacheze." Mzazi gani anayaweza hayo? Ubaya wake nao ulikuwepo, ule wa kawaida: anamaliza betri kama mtu anayekula njugu, akifika kwenye zulia anaanguka kifudifudi, na anadakia mazungumzo yasiyomhusu. Hayo yanavumilika.

Shida ilikuwa kitufe cha kifuani. Ukikibonyeza anarekodi sauti yako, na mtoto akitamka neno ulilolichagua, roboti anajibu kwa sauti hiyo hiyo.

Basi msimu wa harusi ukaingia. Mabibi harusi hawaendi kwa fundi siku hizi, wanataka fundi awafuate kwao, tena awapime mara tatu. Siku ya kwanza fundi alikwenda na Chiriku, na Chiriku akamuuliza bibi harusi, mbele ya mawifi zake, kwa nini tumbo ni kubwa kuliko gauni. Ukawa mwisho wake wa kufuatana na mama kazini.

Ndipo mama mtu akafanya jambo ambalo fundi cherehani tu ndiye angelifikiria. Alimkalisha roboti kwenye kiti chake nyuma ya pazia, akabonyeza kitufe, akakanyaga pedali mshono mmoja mrefu, na juu ya mlio ule akasema, "Nipo mwanangu, nashona. Usiingie, kuna sindano." Chiriku akaambiwa roboti anachajiwa, akae sebuleni atazame katuni. Fundi akatokea mlango wa uani, viatu mkononi, akaurudisha mlango taratibu. Mtoto akiita "Mama!", cherehani inalia na mama anajibu. Ikapita saa moja, mbili, wakati mwingine tatu.

Siku ya kwanza roho ilimsuta mpaka akakosea kipimo cha bega. Aliporudi alimkuta mtoto ametulia pale pale, akajiambia kumbe hakuna kilichoharibika. Kufikia siku ya tano alikuwa hajikumbushi hata kusutwa.

Baada ya lile gurudumu, ukaja uzi. Aliacha uzi mweupe kwenye sindano, akakuta mwekundu. Nyumba nzima haikuwa na uzi mwekundu. Kesho yake alikuta gauni moja la wasimamizi wa harusi, kati ya sita aliyokuwa anashona, limepindwa pindo lote kuzunguka, kwa mishono midogo iliyonyooka kuliko yake mwenyewe, na chumba kinanuka nywele zilizoungua. Aliligeuza lile gauni ndani nje akitafuta kosa. Kisha akalipiga pasi, akalikunja, akalipeleka kwa mwenyewe.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Hofu aliipata, simkatalii. Lakini magauni yalikuwa sita, siku zilikuwa nne, na kuna kitu kilikuwa kinamsaidia. Akafungua dirisha harufu itoke, akanyamaza. Siku ya tatu yake akakuta kando ya cherehani kigauni kidogo kilichoanza kuunganishwa kwa uzi ule mwekundu, mikono miwili na kifua. Alikipima kwa macho. Kilikuwa saizi ya Chiriku. Hata hilo akalinyamazia.

Mtoto naye alikuwa amepunguza maneno. Zamani ukiingia nyumba ile ulikuwa unasimuliwa kila inzi aliyepita. Sasa alikaa kwenye kochi, nywele zimesukwa vizuri mno, anatikisa miguu. Mama aliziona zile nywele. Alijua hakuzisuka yeye. Akasema moyoni labda ni jirani, na hakwenda kumuuliza jirani, kwa sababu angemuuliza angelazimika kusema yeye mwenyewe alikuwa wapi.

Mchana mmoja walikuwa wanakula. Chiriku akacheka kidogo, na fundi akaona pengo.

"Hebu fungua mdomo. Jino limekwenda wapi?"

Mtoto alimtazama kama anayetaniwa. "Si uling'oa wewe jana."

"Mimi?"

"Ulilifunga uzi mwekundu, ukavuta. Ukasema nisilie, na sikulia." Akaweka kijiko chini, akasogea karibu, sauti ikawa ya chini. "Mama, mbona ukiwa nyuma ya pazia mikono yako inakuwa baridi?"

Fundi aliliangalia pazia. "Nilikwambia usiingie kule," alinong'ona.

"Uliniita."

Jioni ile ile alimtoa roboti betri zote, akamweka juu ya kabati uso ukiangalia ukuta, akajiapia hatoki tena. Siku tatu alikaa. Alishona mwenyewe, akala na mtoto, na Chiriku akawa anamwangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekuja bila kusema anaondoka lini.

Siku ya nne simu ikaita. Bibi harusi mwingine amenenepa, gauni halifungi, na harusi ni kesho. Fundi alisimama katikati ya chumba na tepu shingoni. Nusu saa, alijiambia. Roboti yuko juu ya kabati, hana betri, atafanya nini? Safari hii hakuwa na mashine ya kumsemea uongo, kwa hiyo akausema kwa kinywa chake. "Chiriku, mama yuko nyuma ya pazia, ana kazi nyingi. Usiniite." Akatoka na viatu mkononi.

Nusu saa ikawa saa moja na nusu. Alirudi anakimbia, na alipoingia uani akasikia cherehani, mlio mrefu usiokatika, na mlango alioacha umerudishwa tu akaukuta umekomewa kwa ndani, akausukuma kwa bega haukutikisika, na kupitia nondo za dirisha ikamjia ile harufu ya nywele zilizoungua, nzito kuliko siku zote, na alipobisha na kuita "Chiriku, nifungulie," cherehani ikanyamaza, halafu kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti yake, sauti aliyoamka nayo asubuhi ile na kupokelea simu mchana ule, mtu akauliza kwa upole:

"Nani?"

Fundi alisogea dirishani. "Mimi," alisema. "Mama."

"Mama yupo," ikajibu sauti yake. "Anashona."

Kupitia dirishani alimwona mtoto amesimama katikati ya sebule, amevaa kile kigauni. Kilikuwa kimekwisha, kimebaki vifungo. Fundi alimpungia mkono, alilia, aliapa. Chiriku alimtazama yeye, akalitazama pazia, hakusogea.

Alimpigia shangazi yake. Huyu shangazi alikuwa mganga wa majini kwa miaka mingi, mfupi, mkali, hakopeshi maneno. Alifika na chetezo cha ubani na chupa ya maji, akasikiliza yote akiwa amesimama, yote, kuanzia kitufe mpaka jino.

"Tuvunje mlango, shangazi," fundi alisihi. "Nakuomba."

"Vunja uone. Utaingia, utakuta gauni tupu." Shangazi alishusha sauti. "Jini huyu hakuingia kwa nguvu. Ulikaa siku ngapi unasema nipo, nawe hupo? Alisikia mtoto anaita, akaona kiti kitupu na sauti ya mama iko tayari, akakaa. Mimi ningemtoa kwenye mti, kwenye kisima, kwenye kichwa cha mtu. Kwenye kiti ulichompa mwenyewe simtoi. Atamtoa mtoto, akikufungulia wewe."

Akaweka ubani dirishani, moshi ukaingia ndani. Akaita kwa upole ambao hatukujua kama anao. "Chiriku, mjukuu wangu. Kuna mama wawili hapa. Waulize unachotaka, halafu mfungulie aliye wako."

Mtoto alifikiri. "Jana niliota nini?"

"Uliota umepotea sokoni," ilisema sauti ya nyuma ya pazia. "Ukaniambia asubuhi, nikakufuta machozi."

Fundi hakujua. Asubuhi ile alikuwa anapiga pasi, mtoto alikuja akasema kitu, naye akamwitikia "ee, ee" bila kugeuka.

"Rafiki yangu shuleni ni nani?"

Sauti ikamtaja. Fundi jina lile hakuwahi kulisikia.

"Ninaogopa nini?"

"Pasi ikitoa mvuke," ikasema sauti, na kila jibu lilivyokuja cherehani ilipiga mshono mmoja, tak, kama mtu anayefunga fundo. Shangazi alimfinya fundi mkono. "Sema kitu. Chochote. Anakwenda!" Kweli, Chiriku alikuwa amegeuka, anatembea kuelekea kwenye pazia, na pazia lilikuwa limeanza kujifunua lenyewe upande wa chini.

"Sijui!" fundi alipiga kelele. Alishika nondo kwa mikono miwili. "Sijui uliota nini. Sijui rafiki yako. Jino sikuling'oa mimi, wala nywele sikukusuka. Nilikuwa natoka, mwanangu. Kila siku nilikuwa natoka. Nilikuwekea roboti akujibu, nikakudanganya, na leo nimekudanganya tena kwa mdomo wangu. Nilijua kuna kitu humo ndani, nikakiacha na wewe kwa sababu kilikuwa kinanishonea. Nisamehe. Na usiponisamehe, fungua tu."

Chiriku alisimama. Shangazi alikuwa anasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha mtoto akarudi taratibu, akavuta kile kigoda chake mpaka mlangoni, akapanda, na wakasikia komeo linakwaruza.

Komeo lilipotoka, ndani kitu kilivuta pumzi. Pazia lilivimba, likapasuka katikati kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, upepo wa baridi ukawapita pale mlangoni ukiwa na ile harufu, ukavuka uani, na nguo za jirani kwenye kamba zikalala upande mmoja zote kwa pamoja, kisha zikatulia. Shangazi aliingia akimwaga maji. Roboti alikuwa amekaa kitini, hana betri, mikono yake imefumba juu ya sindano, na ndani ya mkono mmoja mlikuwa na vifungo vinne vyekundu. Alimfunga kwenye shuka, akamtoa nje. "Kimekwisha," alisema. "Kimeondoka na hakirudi, kwa sababu hakikufukuzwa. Kimekataliwa, na hao wakikataliwa huona haya."

Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto, maana hata yeye jambo hili lilimshinda. Yule wa ndani alijibu yote. Huyu wa nje hakujibu hata moja.

"Mjukuu wangu, ulijuaje yupi ni mama?"

Chiriku alikuwa anafungua kile kigauni mgongoni, kimya kimya, bila kuomba msaada. "Nilikuwa namwona dirishani akipita na viatu mkononi," alisema. "Yule wa ndani hajawahi kuniacha. Mama ndiye anayeniacha."

Shangazi akainuka, akaanza kukusanya majivu ya ubani ambayo hayakuhitaji kukusanywa. Fundi alibaki amesimama kizingitini, tepu bado iko shingoni, hajui kama aingie tu au aombe ruhusa kwanza.