Kola Iliyobana na Mkanda Uliolegea

Mwaka 1954 Kalisti alikuwa mpasua mawe katika mgodi wa dhahabu huko Geita. Kila Jumapili alivaa shati jeupe kwenda kanisani. Jumapili moja kola ilikataa kufunga.

Jirani yake, Onesmo, alimwamkia kwa Kisukuma huku akicheka. "Mwangaluka, tajiri! Posho ya mgodi imekukubali. Shingo kama ya dume la ng'ombe!"

Kalisti alicheka pia. Mkewe, Klara, hakucheka. Wiki hiyo alikuwa ametoboa tundu jipya katika mkanda wa mumewe.

"Baba Justa," alisema, "mtu hunenepa shingo akakonda kiuno?"

"Nikilala kidogo, uvimbe utapungua."

"Ukilala ndipo unapozidi. Asubuhi macho hayafunguki. Ukiinama kufunga viatu, pumzi inakatika."

"Basi nimuumike shingoni," Onesmo alisema. "Wembe na pembe ya kufyonzea ninavyo. Damu mbaya itatoka."

Klara alikataa. Akampeleka mumewe kwa Donatus, dresa, yaani tabibu msaidizi wa zahanati.

"Shikamoo, bwana dresa."

"Marahaba, mama."

Donatus alimtazama Kalisti kwa utulivu. Mishipa ya shingo ilikuwa imetuna ingawa mgonjwa alikuwa ameketi. Mingine ilitambaa kifuani kama mizizi.

"Damu ya kichwa na mikono hurudi kwenye moyo kwa mshipa mmoja mkubwa, ndani ya kifua," alieleza. "Ukuta wake ni laini. Mshipa ukibanwa au ukiziba, damu hukwama juu. Ndiyo maana uso umevimba, miguu haikuvimba."

"Unabanwa na nini?" Klara aliuliza.

"Huenda ni uvimbe mbaya, au tezi zenye kifua kikuu. Pengine damu imeganda ndani ya mshipa. Eksirei ndiyo itakayoonyesha."

"Nitakwenda Jumamosi, zamu ikiisha," Kalisti alisema.

"Koo likivimba, hewa haitapita. Jumamosi huenda tukawa tunakuzika. Lori la Mwanza linaondoka leo."

Kalisti alikubali kupanda lori.

"Onesmo anataka kumuumika," Klara alisema.

"Asimguse! Damu iliyobanwa hivyo ni vigumu kuizuia. Njiani aketi wima, asilale chali."

Hospitalini Mwanza picha ilionyesha tezi zilizovimba, na vipimo vikathibitisha kifua kikuu. Kalisti alitibiwa kwa sindano na vidonge kwa miezi mingi. Klara na mtoto wao nao walipimwa.

Aliporudi, Onesmo alishangaa. "Umekonda, ndugu yangu!"

"Shingo tu," Kalisti alijibu. Alifunga kifungo cha kola, kisha akafunga mkanda kwenye tundu la zamani.

Onesmo hakucheka. Aliingiza kidole ndani ya kola yake mwenyewe, akapima nafasi.